Kiangazi cha Krimu Nyepesi

Jumatatu, 6 Januari

Daftari hili nimelinunua kwa wivu, nikiri mapema. Wifi yangu ana lake la vipimo, lenye jalada gumu, na huliandika polepole kama karani wa mahakama. Mimi huu ni mwaka wa kumi na tano napamba nyuso za watu na sina hata karatasi moja ya kuonyesha. Basi nami nitaandika. Yeye aandike gramu zake, mimi nitaandika watu.

Joto limeanza kweli. Kufika saa nne feni ya saluni ilikuwa inatupulizia moto tu. Mteja wa kwanza alikuwa yule mwalimu tunayemwita Mama Haraka, maana hakai kitini dakika tano bila kuuliza saa. Nilimpamba asubuhi, akarudi saa nane mchana kunionyesha kazi yangu. Fondesheni ilikuwa imejikusanya yote kwenye mikunjo ya shingo.

"Dada, nimefundisha hesabu huku natiririka rangi," alisema. "Watoto wamecheka mpaka basi."

Nilimsafisha bure na kumwomba radhi. Wifi alikuwa chumba cha nyuma anaosha brashi. Akasema bila kugeuka, "Tuachane na hizi za dukani. Nitatengeneza yetu."

Jumatano, 8 Januari

Wifi ni mke wa kaka yangu. Kaka anaendesha malori ya safari ndefu, nyumbani kwake anafika kama mgeni wa heshima, kwa hiyo mkewe anaishi na mimi, mwaka wa nne sasa. Kabla ya ndoa aliuza dawa kwenye duka la dawa miaka minane. Ndiyo maana anapima kila kitu, hata chumvi. Mdomo wake ni mzito, ila akiamua jambo limeamuliwa.

Leo ameleta mahitaji: alovera, mafuta ya nazi, nta ya nyuki, wanga, udongo mweupe na mwekundu uliochujwa mara tatu, bitiruti ya kukausha kwa ajili ya mashavu na midomo, na dawa kidogo ya kuzuia kuoza. Hataki plastiki. Krimu itakaa kwenye vikopo vya kioo ambavyo wateja watavirudisha, na badala ya zile tishu zenye dawa tunazozitupa ndoo nzima kila jioni, tutatumia vitambaa vya pamba vya kufua.

"Mteja akinawa, kisibaki kitu cha kuchafua mtaro," alisema. Kwake hiyo ni hotuba.

Jumanne, 14 Januari

Tumejaribu usoni kwangu. Krimu kidogo, sponji yenye unyevu, kugandamiza na siyo kusugua. Bitiruti mashavuni kwa ncha ya kidole. Unga wa wanga kwenye paji la uso, pua na kidevu tu, kwingine pabaki palivyo. Maskara kope za juu peke yake. Nikakaa juani dakika arobaini kama kitambaa kilichoanikwa.

Haikutiririka. Fundi simu wa chumba cha jirani alinitazama akasema, "Leo umeamkaje wewe, mbona kama hujapaka kitu?" Sijapata kusifiwa hivyo tangu nianze kazi.

Shida ni moja. Krimu ni nzito kama gundi ya fundi viatu.

Jumamosi, 18 Januari

Wateja saba. Krimu inagoma kutandaa. Wifi anasema ipashwe kwanza kiganjani, polepole, kwa joto la mkono. Nani ana muda huo Jumamosi? Alipokwenda sokoni nikamimina vijiko vitatu vya maji ya jagi kwenye kikopo, nikakoroga kwa mpini wa brashi. Ikalainika kama maziwa. Uso ulikuwa tayari kwa dakika kumi na mbili.

(Pembeni, Machi: Nimerudi kuusoma ukurasa huu. Ningeipasha tu krimu ile kiganjani, leo wifi angekuwa chumba cha nyuma anaosha brashi. Ni jambo la kusubiri dakika mbili.)

Jumatano, 22 Januari

Joto. Wateja tisa.

Jumatatu, 27 Januari

Jina limepatikana. Mama Haraka alirudi saa kumi na moja jioni, uso vile vile, akasema, "Huu ni uso wa asubuhi kabisa." Nimeandika kwenye ubao wa mlangoni: USO WA ASUBUHI, MPAKA JIONI. Kila mtu anauliza siri ni nini, mbona krimu nyepesi hivi. Nawaambia ni mkono. Kwa kweli mkono wangu ni mwepesi, sisemi uongo mtupu.

Nimeona wifi akinitazama niliposema hivyo.

Ijumaa, 31 Januari

Wifi ameniuliza wakati tunafunga: "Wifi, kuna kitu unaongeza kwenye vikopo?"

"Naongeza mkono wangu."

Hakucheka. Akasema dawa ya kuzuia kuoza ameipima kulingana na ujazo wa kikopo, na kwamba mtu akiongeza chochote, hata tone, dawa haitatosha na krimu itaharibika kwa joto hili. Alisema taratibu, kama anamweleza mgonjwa namna ya kumeza vidonge. Ile sauti ikaniudhi. Mimi ndiye niliyemfundisha hata kushika brashi.

Nikamwambia, "Nimepaka nyuso wewe bado unauza panadoli. Mkono wangu unajua."

Akasema sawa.

Jumapili, 2 Februari

Nimefua vitambaa arobaini na moja. Mgongo hauna habari njema.

Jumanne, 4 Februari

Kazi kubwa imekuja. Binti wa fundi cherehani anaolewa Jumamosi, sherehe ni bustanini, mchana kweupe. Mama yake amesema waziwazi, "Sitaki mwanangu ayeyuke mbele ya wakwe." Keshokutwa tutafanya jaribio, Jumamosi asubuhi ndiyo yenyewe. Watakuja watu mia mbili, na nusu yao ni wanawake wenye nyuso. Nikifanya vizuri hapa, nitakula kwa kazi hii mwaka mzima.

Wifi anataka tupike krimu mpya kwa ajili ya binti huyo. Nimesema kikopo cha tatu bado kimejaa, kwa nini tuharibu mali. Kimejaa kwa sababu mimi nakijaza, lakini hilo sikulisema.

Alhamisi, 6 Februari

Jaribio limekwenda salama. Binti ana ngozi ya kumwonea wivu, na anacheka ukimgusa kope. Nimempaka krimu mpaka kwenye kope kama msingi wa rangi ya juu, ili isihame. Kikopo kilikuwa na harufu kidogo, kama maziwa yaliyolala. Nikadhani ni bitiruti. Wifi hakuwepo, alikwenda kuchukua nta.

Binti alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Akasema, "Ni mimi, lakini kama nimelala vizuri." Nikamwambia asinawe haraka, aone itakavyodumu.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika jioni.

Tulifika kwao saa moja asubuhi, mimi mbele, wifi nyuma na sanduku la vipodozi. Nyumba ilijaa wanawake, wengine wanapiga pasi, wengine wanatafuta viatu. Mlango wa chumba cha binti ulikuwa umefungwa. Mama yake akatoka, hakutusalimia. Akanishika mkono akanivuta ndani.

Bibi harusi alikuwa amekaa kitandani na gauni bado liko kwenye hanga. Jicho la kulia lilikuwa halionekani. Kope la juu lilikuwa limevimba likashuka likafunika kila kitu, jekundu, na usaha wa njano umegandisha nywele za kope. La kushoto nalo lilikuwa limeanza. Alikuwa halii. Nafikiri kulia kulimuuma.

"Mmempaka nini mwanangu?" mama yake akasema.

Shangazi mtu akadakia, "Si nilisema mimi? Vipodozi vya kupikwa jikoni! Mnaambiwa hamsikii!"

Chumba kizima kikanigeukia. Niliziona zile nyuso, nyingine nimeshazipamba, nyingine nilitegemea kuzipamba. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, sanduku amelishika kwa mikono miwili.

Nikasema, "Mimi kazi yangu kupaka tu. Anayechanganya ni huyu."

Sikuvuta hata pumzi. Swali liliulizwa na jibu likatoka, kama mtu anavyotoa mkono moto ukimchoma. Macho yote yakahama yakaenda mlangoni, na nitaandika ukweli kwa kuwa daftari ni langu: nilisikia nafuu.

Wifi hakujitetea. Aliweka sanduku chini, akapita katikati ya wale wanawake, akapiga magoti mbele ya binti na kumtazama jicho bila kuligusa. Kisha akasema, "Tumpeleke kituo cha afya kwanza. Maneno baadaye." Shangazi mtu akamsukuma bega. Akasogea kidogo, akarudia vile vile, "Kituo cha afya kwanza."

Ndiye aliyekwenda nao. Mimi nilibaki kukusanya brashi.

Binti aliolewa saa kumi badala ya saa sita, amevaa miwani ya jua, hana hata rangi ya mdomo. Mpiga picha alimpiga upande wa kushoto tu, tena kwa mbali. Haya nimeambiwa na fundi simu, aliyealikwa. Mimi sikuwa na uso wa kwenda.

Jumapili, 9 Februari

Hatujasemezana. Wifi amechemsha vikopo vyote, brashi zote, sponji zote ametupa. Krimu yote ameifukia kwenye shimo nyuma ya nyumba. Nimekaa nimemtazama kupitia dirishani. Nilikuwa najiambia: angekuwa hana kosa angesema. Mtu asiye na kosa husema.

Jumatatu, 10 Februari

Wifi ameondoka asubuhi. Alikuwa na begi moja. Akasema, "Wifi, naona nikapumzike kwetu kidogo." Kwao siyo mbali, ni mwendo wa saa moja. Nikamwambia haya, usalimie mama. Nikamsindikiza mpaka kwenye geti na kurudi ndani kunywa chai.

Kitanda chake amekitandika vizuri sana. Daftari la vipimo ameliacha juu ya mto.

Jumatano, 12 Februari

Mama Haraka: "Yuko wapi yule mwenzako mkimya?" Nimesema anaumwa kidogo.

Alhamisi, 13 Februari

Kaka amepiga simu kutoka barabarani, lori linanguruma nyuma yake.

"Umemfanya nini mke wangu?"

"Mimi? Muulize yeye alichomfanya bibi harusi wa watu."

"Nimemuuliza. Amesema amechoka tu. Wewe ni dada yangu, nakujua. Umemfanya nini?"

Nikamwambia mtandao haushiki. Ulikuwa unashika.

Jumapili, 16 Februari

Wateja wamepungua lakini hawajaisha. Watu wanajua mchanganyaji ameondoka, basi wanaona mahali pamesafishwa. Nimesikia mmoja akimwambia mwenzake kwenye benchi, "Ni yule wifi yake alikuwa mchafu." Nilikuwa na maskara mkononi. Nikaendelea kuhesabu kope. Wifi, anayechemsha hata kijiko cha chai.

Leo nimepika krimu mwenyewe kwa kufuata daftari lake. Ameandika kila kitu kama anamwandikia mtoto: subiri ipoe mpaka uweze kushika sufuria bila kuachia, ndipo utie dawa, tumia sirinji ndogo, usikadirie. Imenichukua saa tatu. Nimepata vikopo viwili.

Jumatatu, 17 Februari

Kikopo kimoja nimekifungua, kizito kama kawaida. Nimeongeza maji. Kingine nimekiweka kabatini juu, cha akiba.

Alhamisi, 20 Februari

Mteja mwingine: "Mwenzako vipi?" Likizo, nimesema.

Jumamosi, 22 Februari

Joto halipungui. Vitambaa vinakauka kabla hujamaliza kuvibana kwenye kamba.

Jumatano, 26 Februari

Leo asubuhi nimefungua kile kikopo nilichoongeza maji na kukuta duara la kijani pembeni, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Harufu ile ile, ya maziwa yaliyolala.

Nilikaa nacho mkononi. Halafu nikakumbuka cha kabatini. Nikapanda kiti, nikakishusha, nikakifungua. Cheupe, safi, kinanukia nta. Sufuria moja, siku moja, kabati la chumba kile kile, mkono ule ule uliopika. Tofauti ni maji ya jagi langu.

Nataka kuandika kwamba nimegundua leo. Ningependa iwe hivyo. Lakini nimerudisha kurasa nyuma, nikasoma tarehe thelathini na moja, na maneno yake yapo pale kwa mwandiko wangu mwenyewe: hata tone. Nilijua. Nililijua jambo hilo kule nyuma ya kichwa, nikalifungia mlango. Siku ya harusi mdomo wangu ulikwenda mbio vile kwa sababu ulikuwa unajua unakokimbia.

Nimefunga saluni saa tano asubuhi. Fundi simu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, na hilo angalau halikuwa uongo.

Alhamisi, 27 Februari

Nilipiga moyo konde nikaenda kwa fundi cherehani. Nilijipanga njiani: nitasema maji ni mimi, nitasema wifi hana kosa, watanitukana, nitaondoka.

Mama mtu alikuwa anakata kitambaa sakafuni, pini mdomoni. Alizitoa moja moja akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wewe ndiye uliyeongeza maji?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukamtaja yeye."

"Ndiyo."

Akakunja kitambaa. Akasema, "Yule alikuja hapa siku tisa mfululizo. Kila asubuhi, anatoka kwao kule. Anamsafisha mwanangu jicho kwa pamba na maji ya chumvi aliyochemsha mwenyewe, anamtia dawa, anaondoka. Siku ya kwanza nilimfungia mlango. Alisimama nje mpaka nikachoka mimi. Akaniomba radhi kwa niaba ya saluni. Alisema hivyo, kwa niaba ya saluni. Hakukutaja."

Binti sasa anaona vizuri. Nywele za kope la kulia zimetoka karibu zote, daktari anasema zitarudi. Wako kwenye nyumba yao na mumewe. Nikaomba nikamwone.

"Muache," mama yake akasema. "Ana picha za harusi za upande mmoja. Mpe muda."

Nimetembea mpaka nyumbani, sikumbuki njia niliyopita.

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimekwenda kwa wifi. Nimevaa nguo ya kawaida, uso mtupu. Nilitaka anione hivyo.

Nilimkuta uani kwa mama yake, anachambua mboga. Akainuka, akafuta mikono, akaniletea kiti na maji ya kunywa. Alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili na hilo likanivunja zaidi. Mama yake alinisalimia, akaingia ndani akatuacha.

Nikaanza, "Wifi, ni mimi niliyeongeza maji."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Kila kikopo nilikitia alama ya rangi ya kucha kwa nje, pale krimu inapoishia. Kikopo kinatumika kila siku, halafu krimu inapanda juu ya alama." Akatabasamu kidogo, siyo kwa furaha. "Sijawahi kuona krimu inayozaa."

"Mbona hukusema siku ile? Mbele ya wale watu? Ungesema neno moja tu."

"Ningesema nini? Kwamba wifi yangu anatia maji ya bomba kwenye krimu na kuwaambia watu ni mkono wake? Ungekula nini baada ya hapo? Mimi naweza kurudi kuuza dawa. Wewe una kazi gani nyingine?"

Nikalia. Sikujizuia. Alininyooshea kitambaa alichokuwa anafutia mikono. Nikamwambia nimekwenda kwa fundi cherehani nikasema ukweli, na nitasema kwa kila mtu, nitaandika kwenye ubao akitaka. Nikamwambia arudi. Nikamwambia krimu iwe nzito kama tope, sitagusa, nitapasha kiganjani mpaka mkono uote sugu.

Alinisikiliza, anachambua majani mabovu anaweka pembeni.

"Siyo maji, wifi," akasema. "Maji mtu anakosea. Hata mimi nimewahi kumpa mtu dawa isiyo yake, bahati nzuri akarudi kuuliza. Nimefikiria sana hapa, kinachoniuma siyo maji. Ni kwamba hukusita. Ungesita kidogo tu, ukanitazama, halafu ukanitaja, ningesema ameshikwa na hofu. Lakini jina langu lilikuwa tayari mdomoni."

Nikakunja kile kitambaa magotini.

"Nimeshakusamehe," akasema. "Usiwaze hilo. Wewe ni dada wa mume wangu, tutazikana. Ila kazi moja na wewe siwezi tena. Jumatatu naanza kwenye duka la dawa la huku. Kaka yako nimemwambia nataka kukaa karibu na mama."

"Na daftari lako?"

"Nina jingine."

Akanisindikiza mpaka njiani. Tuliagana vizuri. Mtu aliyetuona angedhani tumetoka kupanga sherehe.

Jumanne, 4 Machi

Sina la kuandika.

Jumamosi, 8 Machi

Wateja watatu. Nimepasha krimu kiganjani. Kumbe inachukua dakika moja na nusu. Nilihesabu.

Jumatano, 12 Machi

Kaka amerudi safari, amepita kwangu kabla ya kwenda kwa mkewe. Amekula, akanawa, akasema, "Ameniambia hakuna tatizo kati yenu." Alinitazama akisubiri. Nikamweleza yote, tangu kijiko cha kwanza. Hakunigombeza. Akachukua kofia yake akasema, "Na mimi nilimwambia pale kwa dada yangu ni kama kwenu." Akaondoka bila kusubiri chai.

Ijumaa, 14 Machi

Upepo umegeuka. Mawingu asubuhi, mchana yametawanyika. Watu wanasema msimu unakwisha. Kila anayekaa kitini bado anauliza: mwenzako yuko wapi? Mama Haraka ameniuliza leo tena. Nikasema amepata kazi karibu na kwao. Ni kweli, na bado ni uongo.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ya kwanza, nyembamba, imepita dakika kumi na kuacha harufu ya vumbi.

Ilipoacha aliingia mama mmoja mwenye miwani, mpole, ambaye sijawahi kumpamba. Alikuwa anakwenda kwenye mahafali ya mwanawe. Alisema ameelekezwa kwa ajili ya Uso wa Asubuhi. Nikamnawisha, nikapasha krimu kiganjani, nikaanza kugandamiza upande wa kushoto. Alifumba macho. Napenda watu wanavyofumba macho wakijiachia mikononi mwangu, hilo ndilo lililonifanya nianze kazi hii.

Akasema, macho yakiwa yamefumba, "Niliambiwa mko wawili. Mwingine ndiye anayetengeneza."

Neno "amesafiri" lilikuwa tayari limefika mdomoni. Hiyo ndiyo kasi yangu, sasa naijua. Nikanyamaza mpaka likashuka.

Nikasema, "Ni wifi yangu. Niliharibu krimu yake kwa kuongeza maji, ikamdhuru bibi harusi macho, nikasema kosa ni lake mbele ya watu. Ameacha kazi. Hakuwa na kosa lolote."

Akafumbua macho. Tulitazamana kwenye kioo, yeye na nusu ya uso uliopakwa.

"Na hii unayonipaka, nani ametengeneza?"

"Mimi. Kwa vipimo vyake. Sijaongeza kitu."

Alikitazama kikopo, akanitazama mimi. Hakukasirika. Alifikiri kama mtu mzima anavyofikiri juu ya macho yake.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Naomba maji ninawe."

Nikamletea beseni na kitambaa safi cha pamba. Nikamshikia miwani akinawa. Rangi ilitoka yote kwa mara moja, haikuacha alama, wifi aliitengeneza itoke hivyo. Alijifuta, akavaa miwani yake, akachukua mkoba. Mlangoni akageuka.

"Ukimwona huyo wifi yako," akasema, "mpe pole yangu."

Nikamwambia nitampa.